Mvua ya Miwani: shajara ya filamu yetu fupi ya uhalisia pepe, Dodoma

10 Februari 2024: wazo, skripti ya kwanza, na picha tulizodhani hazina kazi

Naanza kuandika hii shajara ili mtu mwingine akitaka kutengeneza muvi ya sayansi ya kubuni kwa hela ya mboga asipite tulikopita sisi. Tuko wanne, wote wa Dodoma mjini. Mimi naandika na kuongoza, mshikaji wangu wa kamera kazi yake ya kila siku ni harusi na sendofu, dada wa sauti huwa anarekodi kwaya, halafu kuna dogo wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anasoma mambo ya kompyuta tunamwita Injinia ingawa bado ana mwaka mzima wa kumaliza.

Wazo ni hili: kijiji hakijapata mvua ya maana msimu wa tatu sasa, anakuja kijana na miwani ya uhalisia pepe, unamlipa mia tano unavaa dakika tano unaona mvua inanyesha shambani kwako. Watu wanapanga foleni. Baada ya muda hakuna anayekwenda shamba. Kwa mtu wa Dodoma hilo halihitaji maelezo, mvua yetu ya mwaka mzima ni kama milimita 500 na kitu mpaka 600 na inakuja kipindi kimoja tu, Desemba kwenda Aprili, ikigoma hapo ndo basi tena mpaka mwakani.

Jina tuliloanza nalo ni "Masika ya Kioo". Bibi atakayecheza nafasi kubwa (ni bibi yake mshikaji wa kamera, Mgogo wa Mvumi, humu nitamwita bibi tu) alipolisikia akauliza, "Masika gani mjukuu wangu? Hayo si ya watu wa pwani?" Tukabadilisha palepale, Mvua ya Miwani.

Skripti ina kurasa 19 na ndani ya miwani kuna jini la kidijitali linalokula kumbukumbu za watu. Nalipenda sana hilo jini.

Leo tumezunguka vilimani kupiga majaribio kwa simu, kila kitu kijani, majani yamefika kiunoni, mpaka manyunyu yametukuta kama dakika mbili hivi. Mshikaji amepiga karibu dakika 40. Nimemwambia anajaza memori bure kwa sababu tutashuti kiangazi, akanijibu memori ni yake. Gharama sifuri ukiacha bodaboda. Shida ni kucharji tu, mgao huu unatutesa.

16 Machi: miwani ya boksi na simu isiyojua kugeuka

Hapa ndo nimepoteza wiki tatu, kwa hiyo soma polepole.

Nilitaka waigizaji wavae kitu kinachofanya kazi kweli ili wasiigize kwa kubahatisha. Njia rahisi ni ile iliyoletwa na Google Cardboard mwaka 2014, yaani boksi, lenzi mbili, na simu unaichomeka mbele. Simu inagawa kioo mara mbili, kila jicho linapata picha yake, ukigeuza kichwa na picha inageuka. Nikapata boksi la plastiki la mtumba soko la Sabasaba kwa 15,000, nikachomeka simu yangu, nikaweka video ya digrii 360, nikageuka kushoto. Picha imeganda. Nikageuka kulia, imeganda. Nikainama, ikainama kidogo kisha ikaanza kuyumba kama mlevi.

Nikafuta apu, nikaweka nyingine, nikafuta na hiyo, nikabadilisha video, nikanunua bando mara tatu. Injinia alipokuja alichukua dakika mbili tu. Simu yangu haina jairoskopu. Simu nyingi za bei ya chini zina sensa inayojua simu imeinama upande gani lakini hazina inayojua imezunguka kiasi gani, na hii ya pili ndo miwani inaihitaji. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote weka apu ya kupima sensa kwenye simu yako, ipo ya bure, angalia kama kwenye jairoskopu panatokea namba zinazobadilika ukiizungusha. Pakiwa patupu, acha.

Tumenunua simu ya mtumba yenye sensa hiyo kwa 180,000. Jumla mpaka leo 195,000. Bajeti nzima niliyowaahidi wenzangu ilikuwa 600,000, ndo hivyo.

25 Mei: hedseti (miwani ya kuvaa kichwani) ya kilo mbili na ushee

Boksi la plastiki kwenye kamera linaonekana kama boksi la plastiki. Nikampelekea seremala mchoro, nikamwambia nataka kitu kinachoonekana kimetengenezwa na mtu wa kijijini kwa vyuma chakavu, kiwe cha kutisha kidogo. Fundi akanielewa kupita kiasi. Ametumia mninga, bati la debe, na mkanda wa mashine ya kusaga. Ni kizuri mno. Tukakipima kwenye mzani wa muuza nyama kikasoma kilo 2 na gramu 300.

Bibi alikivaa kama sekunde kumi, akakivua akasema, "Hiki mnanivisha au mnanitwika?" Basi.

Tukajaribu kuchonga ndani, ikapungua gramu mia mbili, mbao ikaanza kupasuka. Tukafikiri kutengeneza nyingine kwa maboksi tuipake rangi ya chuma, mshikaji wa kamera akakataa kwamba kwa karibu itaonekana. Injinia ndo akaja na stori kwamba hedseti ya kwanza kabisa ya aina hii, ya Ivan Sutherland na mwanafunzi wake Bob Sproull kule Harvard mwaka 1968, nayo ilikuwa nzito haivaliki, wakaifunga darini ikawa inaning'inia, mtu anakwenda kusimama chini yake. Watu wakaipa jina la upanga wa Damocles, ule unaoning'inia juu ya kichwa cha mtu.

Nikamwambia rudia hapo kwenye kuning'inia.

Kwa hiyo hatuvai tena. Hedseti inafungwa kamba kwenye tawi la mbuyu, inashuka mpaka usawa wa macho, na watu wanapanga foleni chini ya mbuyu kama foleni ya bombani. Uzito unabebwa na mti, muigizaji anaingiza uso tu. Hiyo picha ya foleni sasa ndo picha kubwa ya muvi nzima na imetokana na fundi kunisikiliza vibaya.

Angalizo kwa wanaoiga: usifunge kamba kwenye mbuyu wowote uliouona mzuri. Mbuyu wa kwanza tuliouchagua mzee mmoja alitutuma salamu kwamba huo hauguswi, hapo wazee wao walikuwa wanaombea mvua. Tukamfuata, shikamoo, tukakaa, tukaeleza, akatuonyesha mwingine upande wa pili wa barabara ambao kwa kamera ni mzuri zaidi, una shimo.

Seremala 45,000, kamba na pete za chuma 7,000. Jumla 247,000.

4 Agosti: tunavaa ya kweli, jini linakufa

Rafiki yetu wa Dar ana Quest 2, hedseti ya dukani ya uhalisia pepe ya kampuni ya Meta. Amekuja nayo jana kwa treni ya SGR ambayo safari za Dodoma zimeanza juzijuzi tu mwezi uliopita, nauli 31,000 kwenda na 31,000 kurudi tumemlipia sisi, na nyumbani kula tumemlisha kwa 20,000. Jumla 329,000. Ni hela niliyoilalamikia kuliko zote na ndo iliyofanya kazi kuliko zote.

Tumeijaribia uani kwa mshikaji. Ina gramu 503, bibi alipoishika akaniangalia tu hakusema kitu. Watoto wa jirani wakajaa, wadogo tukawakatalia, kampuni yenyewe umri wa chini ni miaka 10 (mpaka mwaka jana ilikuwa 13) na pale wengi walikuwa wa chekechea.

Niliyojifunza kiufundi kwanza. Ile hedseti inajua iko wapi kwa kutumia kamera zake, inatazama kuta na vitu. Giza likiingia inapotea njia, inakwambia haioni. Jua kali nalo linaichanganya. Kabla hujaanza unachora mpaka sakafuni, ukikaribia ukingo unaona nyavu mbele yako zinakuonya. Mshikaji alichora mpaka akasahau jiko la mkaa liko ndani yake. Hakuungua, ila alikanyaga sufuria ya maharage.

Pili kichefuchefu. Dada wa sauti alicheza gemu la kupaa, dakika nne akavua akaenda kukaa chini ya mti, hakula mpaka jioni. Macho yanasema unakwenda mbio, sikio la ndani linasema umesimama, mwili unashindwa kujua umwamini nani. Ukiwa na gemu la kusimama sehemu moja haikusumbui sana, ukitembezwa na mashine wewe umekaa ndo shida inapoanzia.

Sasa la tatu. Nilikuwa narekodi yote hayo kwa simu, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Usiku tukaangalia. Kuna sehemu mshikaji yuko ndani ya hedseti anacheka, anainua mikono anapapasa kitu ambacho hakipo, nyuma yake bibi yake anamuita, "We baba, njoo unishushie ndoo," anaita mara tatu, yeye anacheka tu. Bibi anaishusha ndoo mwenyewe. Mikono inatetemeka, maji yanamwagika kidogo, na huyu bado anapapasa hewa.

Tukanyamaza wote. Mshikaji akasema futa hiyo. Sijafuta.

Kurasa 19 za jini nimezitupa. Sasa skripti ina kurasa 8 na kamera haiingii ndani ya miwani isipokuwa mara tatu. Muda mwingine wote tunaangalia mwili uliobaki nje: mtu amesimama chini ya mbuyu anatabasamu, mbuzi anakula mbegu kwenye ungo miguuni pake.

25 Agosti: siku mbili za kushuti, na jua kula simu

Kibali cha filamu na barua ya kijiji tulikwishamaliza, ada za vibali sijaziweka kwenye jumla hii. Lokesheni ni kijiji kimoja njia ya Mvumi. Tumefika saa moja asubuhi, mbukwenyi (salamu za Kigogo) nyingi, chai, mihogo, tukaanza.

Kosa la kwanza, upepo. Mtu wa Dodoma anayepanga kushuti Agosti bila kinga ya maiki anastahili kuchapwa, na mimi ni mzaliwa wa hapa. Nusu siku ya kwanza sauti yote ni vuuuu. Dada wa sauti usiku alirudi mjini akanunua dubu wa manyoya wa mtumba kwa 3,000, akamchinja, akamvisha maiki. Siku ya pili sauti safi. Watoto wa kijijini walikuwa wanamuita "paka wa redio".

Kosa la pili, sini ya dukani usiku. Taa inapita mistari mistari kwenye picha. Mshikaji alikuwa anashuti fremu 30 kwa sekunde na shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) 1/60 kama alivyozoea kwenye simu, na umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka fremu 25 na shata 1/50 mistari inakufa. Tumerudia sini nzima, mwenye duka akatuuliza mbona mnanunua soda ileile mara sita.

Kosa la tatu ndo la hela. Saa sita mchana tumekwenda kula, hedseti ya mninga tumeishusha tukailaza kwenye kigoda, lenzi zinatazama juu. Ndani mna ile simu ya 180,000, tunaitumia kutoa mwanga wa bluu usoni kwa muigizaji. Ugali na mlenda, stori, dakika ishirini. Kurudi kuna harufu ya plastiki.

Fikiria: lenzi zile zimewekwa ili kioo cha simu kikae karibu na fokasi yake, kama milimita 45. Ukizigeuzia jua, jua lote linakusanywa palepale kwenye kioo, kama mtoto anavyowasha karatasi kwa kioo cha kukuzia. Simu imetoboka doa jeusi, dogo kama punje ya uwele, upande wa kulia juu. Inawaka, inafanya kazi, lakini doa halitoki. Hata hedseti za bei kubwa zinakufa hivihivi. Usiache lenzi zikitazama jua hata dirishani, zifunike na kitambaa kila unapoweka chini.

Nilikasirika nikatembea mpaka barabarani nikarudi. Injinia akawa anaangalia lile doa, akasema, "Bro, si ulikuwa unauliza mtazamaji atajuaje sasa tuko ndani ya miwani?" Kweli nilikuwa nauliza, wiki mbili nahangaika na mambo ya fremu za duara na rangi za ajabu. Sasa picha za ndani zote zina doa dogo jeusi juu kulia. Ukiona doa uko ndani.

Gari siku mbili 160,000, chakula 70,000, posho za waigizaji 120,000, dubu 3,000. Jumla 682,000, bajeti imeshakufa.

8 Septemba: mvua ya boza

Sini ya mwisho: mvua ya kweli inafika, bibi yuko chini ya mbuyu uso umo ndani ya hedseti, mvua inamlowesha naye hajui ni ipi.

Mpango ulikuwa mwepesi, boza la lita 5,000 kwa 60,000, pampu ya petroli, mpira uliotobolewa tobo nyingi umefungwa juu ya matawi. Jana saa tisa tukawasha kujaribu. Maji yanashuka vizuri, sisi tunashangilia.

Mama mmoja akapita njiani na ndoo kichwani, akasimama. Hakuitua. Akaangalia maji yanavyoingia kwenye mchanga, akaangalia na sisi.

"Wanangu, hayo maji yana nini?"

"Hayana kitu mama, ni safi."

"Mbona mnayamwaga?"

Sikuwa na jibu. Nikaanza kueleza habari ya filamu, watu na mvua ya miwani, na kadiri ninavyoeleza ndo najisikia mjinga zaidi, kwa sababu anayesimamisha watu wazima chini ya mbuyu kuangalia mvua ya uongo huku ndoo zinapita ni mimi, kijana wa kwenye skripti kabisa. Injinia akazima pampu bila kuambiwa. Mama akasema tu haya, akaondoka. Kumbe alikwenda kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe, mtu mpole. Hakutukataza. Alisema huku dumu moja watu wanalifuata mbali, tungeuliza kwanza. Tulikaa naye saa nzima tukakubaliana: nusu ya boza, lita 2,500, zigawiwe palepale kwa madumu, na tulizobakiza zisipotelee ardhini.

Kwa hiyo leo tumefanya hivi, na ukitaka kunyeshesha mvua sehemu kavu anza hivi moja kwa moja. Tandika turubai kubwa, kingo ziinue kwa matofali upate kama bwawa, juu ya turubai mwaga mchanga kidogo tu mahali kamera inapoona. Maji yanarudi kwenye pipa, pampu inayapandisha tena. Lita 2,500 zilitosha teki tisa, yaani kushuti sini mara tisa, na zikabaki.

Ila teki ya tatu mvua ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Mchanga wetu umeingia kwenye mzunguko na bibi anateremkwa na tope usoni. Akatema pembeni akasema mvua ya aina hii hajaiona toka azaliwe. Tukafunga khanga mbili mdomoni mwa pipa zichuje, tukaweka mapipa mawili, moja linatuama wakati jingine linafanya kazi. Kila baada ya teki mbili unasubiri dakika kama kumi na tano. Tukatumia muda huo kumkausha bibi maana upepo wa jioni ulianza, sufuria tatu za maji ya moto tukamwagia kwenye pipa yapate uvuguvugu, na nikaweka sheria teki mbili kisha anapumzika na blanketi na tangawizi. Mtu mzima usimchezee.

La mwisho la kiufundi: mvua haionekani ukiimulika kwa mbele. Teki mbili za kwanza nilidhani maji yameisha, kumbe yapo. Hamisha kamera, jua au taa iwe nyuma ya matone, ndo yanawaka kama uzi. Tulishuti saa kumi na moja jioni jua liko chini nyuma ya mbuyu.

Yule mama alirudi na madumu yake mawili kuchukua mgao. Baadaye nikamwomba asimame kwenye foleni ya hedseti, wa tatu kutoka mbele. Yumo kwenye muvi na ndoo yake. Maji yaliyobaki walipewa mbuzi.

Boza 60,000, pampu na petroli 35,000, turubai la kukodi 20,000, gari 80,000, chakula 40,000. Jumla 917,000.

29 Septemba: saa 33 za kompyuta, kisha simu ya Februari

Zile mara tatu za kuingia ndani ya miwani zilihitaji dunia ya kijani yenye mvua. Injinia akaitengeneza kwenye Blender, programu ya bure, kwenye laptopu ya ramu 8. Fremu moja inachukua dakika nne. Sini ni sekunde 20, fremu 25 kwa sekunde, ni fremu 500, piga hesabu ni zaidi ya saa 33. Tukaiacha inarenda, yaani kompyuta inachora fremu mojamoja. Fremu ya 312 umeme ukakatika, na betri ya laptopu hiyo ilishakufa zamani.

Tusingepoteza chote kama angerenda picha mojamoja. Yeye aliweka itoe faili moja la video, ikikatika katikati faili halifunguki. Renda fremu kama picha za PNG, ikikatika unaendelea ilipoishia, halafu unaziunga mwishoni. Alirudia hivyo, ikamaliza. Matokeo: mvua kama tambi, majani kama mswaki. Dogo aliumia, nami niliumia kwa ajili yake.

Mshikaji wa kamera hakusema neno. Akatoa simu yake akaonyesha zile dakika 40 za Februari.

Ni vilima vilevile, njia ileile, kijani mpaka unahisi harufu. Na yale manyunyu. Tatizo zilipigwa fremu 30 na muvi yetu ni 25, ukichanganya bila kufanya kitu picha inaruka ruka. Ukiiambia programu ya kueditia izisome fremu zote kama ni za 25, hakuna inayotupwa, inakuwa polepole kidogo tu, asilimia 83 ya mwendo wake. Matone yanaanguka kama yanafikiria kwanza. Tukaweka doa jeusi juu kulia. Imekaa.

Diski ya kuhifadhia 130,000, jumla 1,047,000. Mshikaji ameninyamazia kuhusu ile habari ya memori, ila anavyoninyamazia namwelewa.

20 Oktoba: uwele kwenye ungo

Mvua ya Februari hatukurekodi sauti ya maana, maiki ya simu ilichukua maongezi yetu tu na mimi nikimwambia mtu anajaza memori. Dada wa sauti akanunua kilo tano za uwele, 10,000, jumla 1,057,000. Akawa anamimina polepole kwenye ungo, kisha kwenye bati, kisha kwenye ngozi kavu ya mbuzi, maiki karibu sana, akatandika zote tatu juu ya nyingine. Ukifumba macho ni mvua. Tulishangaa wenyewe.

Jana usiku tukaonyesha muvi nzima, dakika 14, uani kwa mshikaji, shuka ukutani na projekta ya kuazima. Walikuja kama watu thelathini. Sehemu ya mbuzi anayekula mbegu walicheka, sikuitarajia, kisha mbuzi akaendelea kula na wakaacha kucheka. Kijana mmoja alilalamika mbona hakuna mapigano. Mwingine akauliza kama miwani ile ipo kweli na ni bei gani.

Bibi alikaa mbele kabisa. Mara ya kwanza tulipoingia ndani ya miwani na mvua ikaanza, akageuka kwa dada wa sauti.

"Mbona mvua yenu inapepetwa?"

"Bibi, ni mvua."

"Ni uwele huo. Tena haujakauka vizuri."

Tumekaa mpaka saa saba usiku tukibishana. Dada wa sauti alitaka afute yote atafute sauti nyingine. Mimi nikasema uwele ubaki ndani ya miwani, watu wale wananunua mvua huku ghala halina kitu, acha isikike kama nafaka. Ila kwenye sini ya mwisho, mvua ya kweli, uwele hauingii na sauti za kudownload haziingii. Tutasubiri ya mwaka huu.

Muvi imesimama hapo kwa sasa.

14 Desemba: dakika 11

Mvua imekuja leo mchana. Tulikuwa tumejipanga wiki mbili, maiki imefungwa chini ya bati la jikoni kwa bibi, dubu amevuliwa kwa sababu akilowa anavuta maji, badala yake soksi na mfuko wa plastiki uliolegezwa usigonge. Rekoda ndani kwenye kikapu cha nguo. Dada wa sauti yuko Kondoa msibani kwa hiyo niliwasha mimi.

Nimesikiliza jioni hii. Sekunde arobaini za kwanza ni upepo na kuku. Kisha tone moja kwenye bati, unasubiri sana, la pili, halafu yote pamoja. Levo ya sauti niliiweka juu sana, dakika ya pili inapasuka kidogo, kuanzia ya tatu iko safi. Dakika ya tano kuna sauti ya bibi, haiwezekani kuikata maana iko katikati kabisa ya sehemu nzuri:

"Nyie mnasikiliza nini humo ndani? Toeni ndoo nje!"

Baada ya hapo ni viatu vyangu vinakimbia, mlango, na plastiki zinagongana. Nimeiweka kwenye sini ya mwisho kama ilivyo.